Tanga, Mombasa na Pemba za Angani: Tathmini ya Kanzidata ya JPL kwa Kumfuata Cyril Jackson

Andika namba 1595 katika kisanduku cha kutafutia, bonyeza, na jina litakalotokea ni Tanga. Si mkoa wala si bandari. Ni mwamba unaolizunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, uliogunduliwa Johannesburg tarehe 19 Juni 1930. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na nilikuwa nimefundisha mada ya mfumo wa jua kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kujua kwamba jina la mji wetu limo humo. Siku nilipolionesha darasani kwa projekta, wanafunzi walinyamaza kwanza, kisha wakaanza kuuliza maswali ambayo kitabu cha kiada hakijawahi kuwafanya waulize.

Huduma ninayoitathmini ni kanzidata ya magimba madogo ya mfumo wa jua inayotunzwa na Maabara ya JPL ya Pasadena, California, ambayo chuo cha Caltech huiendesha kwa niaba ya NASA. Ni ya bure, haidai usajili wala nywila, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuifungua. Ndani yake zimo asteroidi na nyotamkia zinazojulikana, ambazo kwa sasa zimepita milioni moja, na kila moja ina ukurasa wake. Tumeitumia kwa muhula mzima katika klabu yetu ya sayansi, na lengo letu halikuwa kuikagua huduma nzima, kwa kuwa hilo lisingewezekana, bali kumfuata kwayo mtu mmoja: Cyril Jackson, mwanaastronomia aliyegundua asteroidi 72 akiwa Johannesburg, nyingi miongoni mwake zikipewa majina ya mahali na watu wa Afrika.

Orodha yenyewe humfanya msomaji wa Kiswahili asimame. Ipo 1278 Kenya na 1279 Uganda, zote mbili za tarehe 15 Juni 1933. Ipo 1356 Nyanza na 1638 Ruanda, zilizopatikana usiku mmoja wa tarehe 3 Mei 1935, na ipo 1641 Tana ya Julai mwaka huohuo. Mwaka 1937 ulileta 1427 Ruvuma mwezi Mei, kisha 1429 Pemba tarehe 2 Julai, na siku tatu baadaye 1428 Mombasa pamoja na 1430 Somalia. Juni 1939 ikaja 1817 Katanga. Sijui kama kuna pwani nyingine duniani iliyotajwa angani kwa wingi namna hii na mtu mmoja, huku wenyeji wake wengi wakiwa hawana habari.

Ukurasa wa kila asteroidi umepangwa kwa namna ambayo nimeipenda tangu mwanzo, kwa sababu hauanzi kwa mapambo. Juu kabisa kuna jina na namba, na chini yake kuna jedwali la vipimo vya obiti: ukubwa wa njia, jinsi ilivyorefuka na kuacha kuwa duara kamili, mwinamo wake ukilinganishwa na njia ya dunia, na muda wa kulizunguka jua mara moja. Kando ya kila kipimo kuna safu ya kiwango cha shaka, yaani kiasi ambacho kipimo hicho kinaweza kuwa kimekosewa, na kwangu mimi hiyo ndiyo safu yenye thamani kubwa kuliko zote. Vitabu vyetu vya shule huandika namba kana kwamba zimeshuka zikiwa kamili. Hapa mwanafunzi anaona kwamba hata wataalamu hupima, hukosea kidogo, na huandika wazi ni kidogo kiasi gani. Pia kuna alama ya ubora wa obiti kuanzia 0 hadi 9, ambapo 0 ndiyo bora, na asteroidi za Jackson, ambazo zimefuatiliwa kwa miongo mingi, zinatuonesha obiti iliyotulia inavyokuwa. Sehemu nyingine zinahusu umbo na mwendo, yaani kipenyo, mng'ao na muda wa kujizungusha, na nyingine inaeleza ugunduzi: tarehe, mgunduzi, mahali, na mara nyingi maelezo mafupi ya asili ya jina.

Kuna pia mchoro wa obiti unaoweza kuzungushwa na kupelekwa mbele au nyuma kwa tarehe. Mchoro huu unatumia bando zaidi kuliko maandishi, kwa hiyo ninawashauri walimu wenzangu waufungue kwenye kompyuta moja yenye projekta badala ya kumwambia kila mwanafunzi aufungue kwenye simu yake. Tuliurudisha hadi Julai 1937 na kuona dunia ikipita kati ya jua na asteroidi Mombasa, mahali ambapo mwamba ule ulikuwa umeangazwa vizuri na kuelekea upande wetu usiku wa manane. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisema, bila mtu kumfundisha, kwamba kumbe Jackson hakubahatisha bali alikuwa akitazama upande ulio kinyume na jua. Kwa jambo hilo moja tu huduma hii imelipa muda wote niliotumia kujifunza kuitumia.

Habari za mtu mwenyewe ilibidi tuzitafute kwingine na kuzileta mezani. Cyril Jackson alizaliwa Ossett, Yorkshire, nchini Uingereza, mwezi Desemba 1903, na familia yake ilihamia Afrika Kusini mwaka 1911. Alianza kazi katika Union Observatory, kituo cha kuchunguza nyota cha Johannesburg, mwaka 1928 na kubaki hapo hadi 1947, isipokuwa alipokuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya hapo alifanya kazi katika kituo cha kusini cha vyuo vikuu vya Yale na Columbia, akakifuata kilipohamia Mount Stromlo, Australia, na mwishowe akashiriki katika kazi ya kituo kipya cha El Leoncito nchini Argentina hadi alipostaafu mwaka 1966. Alifariki mwaka 1988. Ni maisha ya mtu aliyezifuata mbingu za kusini kutoka bara moja hadi jingine.

Kituo alichoanzia hakikuwa kidogo. Hapo ndipo Robert Innes alipotambua nyota ya Proxima Centauri mwaka 1915, ambayo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, na hapo ndipo Harry Edwin Wood alipogundua mwaka 1911 asteroidi 715 Transvaalia, ya kwanza kugunduliwa kutoka Afrika Kusini. Wood ndiye aliyekuwa mkurugenzi Jackson alipoanza kazi. Chombo kikuu cha kazi ya asteroidi kilikuwa kamera ya nyota yenye lenzi ya kipenyo cha sentimeta 25 hivi, iliyotolewa na Mwingereza John Franklin-Adams, ambaye mwenyewe alikuwa ameitumia kuipiga picha anga yote.

Namna ya kazi inafaa kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu kanzidata haiielezi na bila hiyo tarehe zile zinabaki kuwa tarehe tu. Bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha huwekwa ndani ya kamera, na kamera huzungushwa polepole ili ifuate nyota wakati dunia inapojizungusha, hivyo kila nyota inabaki kuwa nukta mahali pake. Asteroidi, kwa kuwa ina mwendo wake yenyewe, haibaki mahali pake. Katika bamba lililoachwa wazi kwa muda mrefu huchora kistari kifupi, na katika mabamba mawili yaliyopigwa kwa nyakati tofauti huonekana imehama. Baada ya hapo huanza kazi ya mchana, yaani kulikagua bamba lenye maelfu ya nukta ili kukiona kistari kimoja, kupima mahali kilipo, kukilinganisha na asteroidi zilizokwisha kujulikana, na kungoja usiku mwingine wenye anga safi ili kuthibitisha. Max Wolf wa Heidelberg ndiye aliyeanzisha utafutaji wa asteroidi kwa picha mwaka 1891, na mwenzake Karl Reinmuth aliuendeleza hukohuko hadi kuhesabiwa asteroidi karibu 400. Jackson alifanya kazi ileile, lakini kutoka mahali ambapo wao hawakuwapo.

Na hapa ndipo kanzidata ilipotufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Tuliziandika ubaoni tarehe za ugunduzi tulizokuwa tumezikusanya, tukaona zinavyosongamana: Aprili, Mei, Juni, Julai. Wanafunzi walidhani mtu huyu alikuwa na likizo katika miezi mingine. Maelezo yapo kwenye jiografia wanayoisoma kila wiki. Johannesburg hupata mvua zake wakati wa kiangazi cha kusini, kuanzia Oktoba hadi Machi, ilhali majira ya baridi ni makavu, anga ni safi, na usiku ni mrefu. Zaidi ya hayo, katikati ya Juni upande wa anga ulio kinyume na jua uko nyuzi 23 kusini ya ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na Johannesburg iko nyuzi 26 kusini, maana yake ni kwamba ifikapo saa sita usiku eneo lenye asteroidi zinazong'aa vizuri linapita karibu kabisa na utosi wa mtazamaji. Heidelberg, iliyo nyuzi 49 kaskazini, inaliona eneo hilohilo likiwa nyuzi 18 tu juu ya upeo, katika ukungu wa chini, wakati wa usiku mfupi kuliko yote ya mwaka. Kwa hiyo kile kilichoonekana kama orodha kavu ya tarehe ni ramani ya majira, ya mvua na ya latitudo, na kinaonesha kwa nini astronomia ilihitaji mtu wa kusini mwa Afrika. Nimefundisha somo la latitudo mara nyingi, lakini sikumbuki lililoeleweka upesi kama hili.

Namba nazo zina habari yake. Tanga ilipatikana mwaka 1930 lakini ina namba 1595, wakati Kenya iliyopatikana miaka mitatu baadaye ina namba ndogo zaidi, 1278. Wanafunzi walidhani kanzidata imekosea. Ukweli ni kwamba namba ya kudumu haitolewi siku ya ugunduzi. Hutolewa obiti inapokuwa imethibitika kwa vipimo vya kutosha, ili asteroidi isipotee tena. Tanga ilisubiri zaidi. Kabla ya hapo kila asteroidi huitwa kwa jina la muda, na kanzidata inayahifadhi majina hayo pia: Kenya ilikuwa 1933 LA na Uganda 1933 LB. Herufi ya kwanza ni ya nusu mwezi, na L ni nusu ya kwanza ya Juni, kwa kuwa A na B ni za Januari, C na D za Februari, na kuendelea hivyo huku herufi I ikirukwa. Herufi ya pili ni ya mpangilio wa taarifa ndani ya nusu mwezi huo, kwa hiyo LA ni ya kwanza na LB ya pili. Mtu akishauelewa utaratibu huu anaweza kusoma jina la muda la asteroidi yoyote kama anavyosoma tarehe iliyopigwa muhuri.

Katika sehemu ya vipimo vya umbo tulifanya ulinganisho uliowafurahisha wote. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita zinazopita 60, lakini asteroidi Pemba ina kipenyo cha kadiri ya kilomita 10 tu. Mombasa ni kinyume chake: kisiwa cha Mombasa ni kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kukivuka kwa miguu kabla ya adhuhuri, ilhali asteroidi yake ina kipenyo cha kadiri ya kilomita 50, ni nyeusi, na huchukua zaidi kidogo ya miaka minne na nusu kulizunguka jua. Kenya ina sifa nyingine kabisa, nayo ni uvivu wa kujizungusha, kwani asteroidi nyingi hujizungusha kwa saa chache tu, lakini hii huchukua karibu siku nane kumaliza mzunguko mmoja. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoonekana kwa macho matupu, na ni haki mwalimu awaambie wanafunzi mapema, wasije wakatoka nje usiku kumtafuta Mombasa kati ya nyota.

Upungufu upo, nami nauona kuwa mkubwa kwa msomaji wetu. Ukurasa wote ni wa Kiingereza, na ni Kiingereza cha wataalamu: vipimo vya obiti vinaandikwa kwa herufi moja moja bila maelezo ya kutosha kwa anayeanza. Ilinibidi nitengeneze karatasi moja ya tafsiri, nikiandika kando ya kila herufi maana yake kwa Kiswahili, na bila karatasi hiyo nadhani nusu ya klabu ingekata tamaa siku ya kwanza. Umbali unatolewa kwa kipimo cha wastani wa umbali kati ya dunia na jua, ambao ni kilomita milioni 150 hivi, na ni vyema mwalimu alieleze hilo kabla ya jambo jingine lolote. Mtu anayetafuta simulizi ya maisha ya mgunduzi hataipata, kwa kuwa huduma hii haikuundwa kwa kazi hiyo. Jina la Jackson limeandikwa katika kila ukurasa wake na hakuna hata sentensi moja inayosema alikuwa nani.

Suala la majina linahitaji neno la ziada, na klabu yetu ililijadili kwa ukali kuliko lolote. Katika miaka ile Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja na Pemba zilikuwa chini ya Uingereza, na Ruanda, kama jina lake linavyoandikwa katika kanzidata, ilikuwa chini ya Ubelgiji. Desturi inampa mgunduzi haki ya kupendekeza jina, na hakuna mtu wa Tanga aliyeulizwa. Wapo wanafunzi walioona kwamba majina haya yalikuwa sehemu ya kuichora Afrika kama mali ya mtu mwingine. Wengine walisema kwamba Jackson angeweza kuchagua miungu ya Wagiriki kama walivyofanya wengi kabla yake, au majina ya wakubwa wa London, naye akachagua Ruvuma na Tana. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa hoja ya kwanza siikatai. Maelezo ya majina ndani ya kanzidata ni mafupi mno kutosha kwa mjadala huo, kwa hiyo mwalimu ajiandae kuuongoza mwenyewe.

Usiishie kwenye asteroidi tu. Jackson aligundua nyotamkia pia, na kanzidata inazihifadhi kwa namna ileile. 58P/Jackson–Neujmin ni ya Septemba 1936, na ina majina mawili kwa sababu Grigory Neujmin aliiona naye kivyake; 47P/Ashbrook–Jackson ni ya mwaka 1948. Zote mbili hurudi karibu na jua kila baada ya miaka 8 hivi, na ni vizuri kuuweka mchoro wa obiti ya mojawapo kando ya ule wa Mombasa, ili wanafunzi waone tofauti ya njia iliyorefuka na njia iliyokaribia kuwa duara. Fungua vilevile 1362 Griqua ya Julai 1935, ambayo imekuwa jina la kundi zima la asteroidi zinazolizunguka jua mara mbili kila Mshtarii inapozunguka mara moja. Ukiusogeza mchoro mbele mwaka baada ya mwaka, ulinganifu huo unaonekana waziwazi.

Kwa mwalimu wa sekondari, kwa mzazi mwenye mtoto mdadisi, na kwa yeyote wa pwani au wa Maziwa Makuu anayetaka kuuingia mfumo wa jua kupitia mlango wa nyumbani, naipa huduma hii alama nne kati ya tano, na ile moja ninaizuia kwa sababu ya lugha. Anza na namba ya mahali unapopajua. Ukishamaliza za Jackson, andika 2193. Hiyo ni asteroidi ambayo Wood aliigundua mwaka 1926, miaka miwili kabla ya kijana kutoka Ossett kuanza kazi chini yake, na jina iliyopewa ni Jackson.